Kitabu cha wageni kina mashimo: niliyoongea na wahudumu wa gesti na lodji

Wengi mliokosa semina ya kutambua biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu kwenye gesti mmeniomba niiweke kwa maandishi, basi hii hapa, nimeiandika kama nilivyoiongea, mwenye kutaka lugha ya vitabuni anisamehe.

Ndugu zangu habari za mchana. Naona wapokezi mpo, wadada wa usafi mpo, walinzi mpo kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, na mabosi wawili watatu wamekuja wenyewe, hao nawashukuru kipekee maana mabosi huwa wanatuma watu halafu wao wanabaki kuhesabu hela. Wengi wenu gesti zenu ziko hapahapa Mbezi, karibu na stendi ya Magufuli, wengine mmetoka Kimara, Ubungo, Manzese. Kwa hiyo sitawaletea habari za hoteli za nyota tano zenye kadi za kufungulia mlango na kamera kila kona. Nimezisoma hizo semina za wenzetu, zina mambo ya maana, lakini ukizileta kwenye gesti ya vyumba 12, choo nje, mapokezi ni kidirisha cha nondo na redio, nusu yake inabaki hewani. California kwa mfano walitunga sheria mwaka 2018 kwamba mfanyakazi wa hoteli anayekutana na wageni apate mafunzo ya angalau dakika 20 kuhusu biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu, na yarudiwe kila baada ya miaka miwili. Dakika 20! Sisi leo tumetumia dakika 20 kusubiri spika iunganishwe.

Haya, ntaanza na kitu ambacho kila mmoja wenu anacho pale mapokezi na wala hakihitaji umeme. Kitabu cha wageni. Ile kauntabuku mliyopiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, anatoka wapi, anakwenda wapi, namba ya kitambulisho, simu, chumba namba ngapi, saa ya kuingia, sahihi. Nani asiyeijua hapa? Tunaiona kero, mgeni naye anaiona kero, unamsikia "dada niandikie tu nimechoka na safari", na wewe unamwandikia. Nimeshashika vitabu vya wageni ambavyo ukurasa mzima watu wote ni wafanyabiashara, wote wanatoka Moro wanakwenda Dar, na wote wana mwandiko mmoja. Mwandiko wa mpokezi. Msicheke, mnajijua.

Halafu kuna wale ambao hawaandikwi kabisa. Shoti taimu haiandikwi, hilo tunalijua, na tuseme ukweli mbele ya mabosi walioko hapa, haiandikwi sio kwa sababu ya kumstahi mteja, haiandikwi kwa sababu kila jina linaloingia kitabuni lina ushuru wa halmashauri, kwa hiyo bosi anataka vyumba kumi vilale watu lakini kitabu kiseme vinne. Mimi sio mtu wa mapato, sikuja kwa ajili hiyo, mkimalizana na halmashauri yenu ni juu yenu. Ninachosema ni kwamba lile shimo mlilolichimba kukwepa ushuru, kuna mtu mwingine anapita humohumo. Dalali wa mabinti hatafuti gesti nzuri wala gesti ya bei rahisi, anatafuta gesti isiyoandika. Akishajua pale kwa fulani ukimpa dada hela kidogo ya soda hakuulizi, basi hiyo ndo kambi yake, na wenzake atawaelekeza.

Sasa tunaongelea nini hasa, maana wengine mkisikia jambo hili mnawaza minyororo na meli. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Palermo wa mwaka 2000 vinaangalia mambo matatu. Kuna mtu amechukuliwa, au amesafirishwa, au amepokelewa, au amehifadhiwa mahali, na hapo kwenye kuhifadhiwa ndo sisi watu wa vyumba tunapoingia. Pili kuna njia iliyotumika, nguvu, vitisho, uongo, au kumtumia vibaya kwa sababu ni mnyonge hana pa kwenda. Tatu kuna lengo, kwamba akanyonywe, afanyishwe kazi bila malipo, auzwe mwili, aombeshwe barabarani. Akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, hiyo ya pili hata huihitaji, hata kama mtoto mwenyewe kasema nimependa kwenda. Na sio lazima avuke mpaka. Binti aliyetolewa Singida au Iringa akaambiwa anakuja Dar kusomeshwa ushonaji, akafika akafungiwa ndani kwa watu bila mshahara, hajaona hata bahari, lakini ameshaingia humo.

Takwimu za dunia zipo, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 watu milioni 27.6 wako kwenye kazi za kulazimishwa, ni namba kubwa mpaka haikai kichwani, kwa hiyo tuziache turudi kwenye korido zenu.

Kwenye korido zenu wanapita watu wa aina kadhaa. Wanaopita sana ni mabinti wa kazi za ndani, wanashuka basi la usiku na mama mmoja au kaka mmoja, wanalala hapo siku mbili tatu wakati dalali anapiga simu kwa matajiri wake. Wapo wanaoambiwa wanakwenda Oman au Dubai, hawa wanakaa muda mrefu kidogo, wanasubiri paspoti na viza, na paspoti hawaishiki wao. Kwenda Oman kufanya kazi sio kosa jamani, wapo wadada wameenda kwa mkataba uliopitia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na wamejenga, tusije tukaanza kumshuku kila mwenye begi na baibui. Kuna watoto pia. Mwaka 2022 BBC walifichua jinsi watoto wenye ulemavu wanavyochukuliwa huku kwetu Tanzania, wazazi wanadanganywa watapata maisha bora, halafu wanaenda kuombeshwa barabarani Nairobi wamekaa juani kutwa na hela yote anachukua mwingine. Mpaka Nairobi ni safari ndefu, na mimi kila nikiifikiria najiuliza wale watoto walilala wapi njiani, na nani aliwapa ufunguo.

Na wapo wale vijana wa Ethiopia wanaopitishwa kuelekea Afrika Kusini. Hao wengi wameanza kwa kulipa wenyewe wavushwe, hiyo ni magendo ya wahamiaji na ni kosa la namna nyingine, lakini njiani mambo hugeuka, wanafungiwa, ndugu zao wanapigiwa simu watume hela zaidi. Mnakumbuka Juni 2012 kule Kongwa, Dodoma, zaidi ya 40 walikutwa wamekufa, walikosa hewa ndani ya lori. Kwa hiyo hata kama umeona hawa wamelipa wenyewe, usijiambie basi hayanihusu.

Sasa dada wa usafi nataka unisikilize wewe kuliko mpokezi. Mpokezi anamwona mgeni dakika tano akiwa amejipanga, wewe unaona chumba mtu akiwa hajajipanga. Chumba kimeandikwa mtu mmoja, umeingia umekuta miswaki minne kwenye kikombe. Malapa jozi tano mlangoni, zote za kike, saizi ndogo. Mgeni kaagiza chipsi sahani sita, kazipokelea mlangoni mwenyewe, mlango kaubana na mguu usione ndani. Ndoo za maji ya kuoga zinabebwa moja baada ya nyingine mpaka unajiuliza huyu anaoga mara ngapi. Siku tatu hataki shuka zibadilishwe, anakwambia nipe mashuka nitatandika mwenyewe. Pazia limebanwa kwa pini za nywele mchana kweupe. Binti anatoka kwenda choo cha uani na kuna mtu kasimama nje anamsubiri, akimaliza wanarudi wote. Wanaume tofautitofauti wanaingia chumba kilekile, kila mmoja anakaa kidogo, na hela wanamlipa kaka aliyekaa pale nje kwenye kiti cha plastiki. Kimoja peke yake sio ushahidi, mtu anaweza kuwa na malapa matano kwa sababu ni mchuuzi wa malapa! Vikija vitatu vinne kwa pamoja hapo ndo roho iseme, ngoja.

Na kosa ninaloliona kwenye semina nyingi ni kwamba watu wanafundishwa kumwangalia binti. Binti analia, binti ana michubuko, binti anatetemeka. Wengi hawalii bwana. Wengine wamefurahi, wanacheka, wamevaa nguo mpya walizonunuliwa jana yake, wanadhani wanakwenda kwenye kazi ya mshahara mnono, ukweli haujawafikia bado. Ukisubiri alie utasubiri sana. Mwangalie anayemjibia. Mwangalie anayeshika simu yake, anayeshika kitambulisho chake, anayeshika ufunguo. Umemuuliza binti "mwanangu unaitwa nani" na jibu limetoka kwa mtu mwingine. Hapo kuna habari.

Ndo maana nawaambia kitabu. Dada mmoja mpokezi, sitamtaja wala gesti yake, alinisimulia yake. Saa sita usiku kaingia mama mmoja na mabinti watatu, begi moja la wote, anataka vyumba viwili na ameshatoa hela mkononi. Mama anasema andika jina langu hawa ni wanangu. Dada wala hakubishana naye, wala hakumkazia macho, alisema tu kwa upole, "mama samahani, utaratibu wa hapa kila mtu anajiandika mwenyewe, polisi wakija wanatusumbua." Akawasogezea kitabu na kalamu. Mama akaandika. Binti wa kwanza akaandika jina, ubini sio wa mama, sawa, hilo sio ajabu. Kabila nyingine kabisa. Wa pili naye ubini wake, kabila yake. Walipofika kwenye "anakwenda wapi" yule mdogo alishika kalamu hewani akamgeukia mama akamuuliza, mama kwani tunaenda wapi?

Hebu fikiria. Mtu yuko safarini usiku wa manane na hajui anakwenda wapi. Maswali yale mawili, unatoka wapi unakwenda wapi, yapo kwenye kauntabuku zetu miaka yote tunayaandika kwa mazoea, na kumbe ukimwachia kila mtu ayajibu kwa mdomo wake yanafanya kazi ambayo wenzetu wanainunulia kompyuta.

Dada aliwapa vyumba. Ndio, aliwapa, msishangae. Angewakatalia wangeenda gesti ya jirani isiyoandika na habari ingeishia hapo. Aliwapa vyumba karibu na mapokezi, akampigia msimamizi wake, wakampigia mwenyekiti wa mtaa na polisi. Polisi walifika asubuhi sio usiku, tuseme ukweli, lakini walikuta watu bado wapo, na mabinti wakapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wakaulizwa mmoja mmoja bila mama kuwepo. Mambo mengine yaliyofuata siyajui yote na sio ya kuongelea hapa.

Angalieni alichokifanya na ambacho hakukifanya. Hakugonga mlango kwenda kuwahoji. Hakumwambia mama "nimekushtukia". Hakupiga picha akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, maana hii tabia imekuwa ugonjwa, mtu akiona jambo kitu cha kwanza anatoa simu, unamrusha binti wa watu mitandaoni, kesho yuko kijijini kwao wanamcheka, na mhalifu naye kaiona picha ameshahama. Usifanye hivyo. Na mlinzi usijifanye komando, hawa watu wengine wana silaha na wana wenzao nje kwenye gari. Kazi yako mlinzi ni namba ya gari, rangi yake, saa iliyofika, nani alishuka, nani alibaki kwenye usukani. Andika kwenye karatasi kwa sababu kichwa kinasahau na mahakamani wanapenda saa. Na dada wa usafi, kama watu wameondoka haraka na polisi wanakuja, chumba usikifagie, zile takataka, tiketi za basi, vocha zilizokwanguliwa, vikaratasi vya namba za simu, ndo ushahidi wenyewe.

Simu za kupiga: polisi 112. Kama kuna mtoto, 116, ni bure, inapokelewa usiku na mchana, na wanajua nani wa kumtafuta. Najua mnachowaza, naona sura zenu, kwamba askari akija atamalizana na yule mtu pembeni na mimi ndo nitabaki na uadui. Hofu hiyo sio ya kijinga na sitaisema ni ya kijinga. Ndo maana nashauri ukipiga piga sehemu mbili. Umeita polisi, piga na 116 vilevile, au mjulishe mtu wa Dawati au afisa ustawi wa jamii wa kata yenu. Jambo likijulikana na watu wawili wasiofahamiana ni vigumu likazimwa kimyakimya. Na huhitaji kuwa na uhakika, sio kazi yako kuthibitisha, wewe unasema nimeona hivi na hivi saa fulani chumba fulani, basi.

Kwa mabosi. Sheria ile ya 2008 inamgusa na anayekodisha au kuruhusu nyumba yake itumike kwa biashara hii huku akijua. Hapo kwenye "akijua" najua kuna watu wanajifariji, mimi niko zangu nyumbani, sijui kinachoendelea vyumbani. Sawa. Lakini kama mhudumu wako alikuja akakwambia bosi chumba namba saba sielewi, na wewe ukamjibu "umeajiriwa kusafisha au kupeleleza?", basi umeshajua kuanzia dakika hiyo. Mhudumu anayeleta taarifa asikatwe mshahara kwa chumba kilichokosa mteja. Hilo likitokea mara moja tu, hatakuja mwingine kukwambia kitu maisha.

Upande wa pili nao niuseme maana mkitoka hapa mtaanza kuwasumbua watu. Mwanamke aliyekuja peke yake sio mshukiwa. Mzungu na mke wake Mtanzania sio washukiwa. Mdada mtu mzima anayejiuza kwa hiari yake na hela anashika mwenyewe, unaweza kuwa na maoni yako kuhusu maisha yake, lakini sio wa kuitiwa polisi, na ukimwita kahaba mbele za watu umemfundisha kwamba siku akiwa na shida ya kweli asikukimbilie. Mnayemtafuta ni yule asiye na uwezo wa kuondoka.

Na nikisema asiye na uwezo wa kuondoka, jamani, tuangaliane humu ndani. Hili mabosi watanikasirikia lakini nimeshapanda jukwaani. Kuna binti yuko gesti fulani au baa fulani, kaletwa kutoka kijijini na "shangazi", kaahidiwa mshahara mzuri kila mwezi. Kufika, mshahara anaambiwa nakutunzia. Nauli ya kuja anadaiwa. Sahani iliyovunjika anadaiwa. Analala stoo juu ya magodoro ya akiba, simu imechukuliwa "usije ukapotezwa na wanaume", kitambulisho kiko kwa bosi. Akianza kuzoea anaambiwa achangamkie wateja wa vyumbani, akikataa arudishe hela ya nauli. Mnamjua huyu? Wangapi hapa mnamjua? Inueni tu macho, msiinue mikono.

Huyo dada anatandika kitanda cha binti wa chumba namba saba na yeye mwenyewe hali yake ni ileile. Kachukuliwa, kadanganywa, ananyonywa, mambo yote matatu yametimia. Akiwa na chini ya miaka 18 ndo mbaya zaidi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 hairuhusu kabisa kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na chini ya 18 hairuhusu kazi ya hatari, na kulala peke yako na walevi saa nane usiku ukiwa na miaka 15 kama sio hatari sijui hatari ni ipi. Kwa hiyo ukiwa mpokezi mzoefu na una mwenzako wa namna hiyo, namba ni zilezile. Huhitaji kusubiri mgeni.

Naona muda umekwisha na mwenyekiti ananionyesha saa. Vikaratasi vya namba nimeviacha mezani pale kwenye maji, kila gesti ichukue viwili. Kimoja bandikeni mapokezi kama mlivyozoea. Cha pili bandikeni ndani ya mlango wa choo cha wanawake, usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa sio aliyesimama, kwa sababu mara nyingi pale ndo sehemu pekee anayoingia bila mtu wa kumsimamia. Tumieni gundi ya maji isibanduke na unyevu, selotepu haikai wiki. Haya, maswali. Mlinzi wa kule mlangoni alinyoosha mkono tangu mwanzo, tuanze na wewe kaka.